Kikwembe cha Kasuku Kwenye Karamu ya Maître Anselme

Nianze na kukiri, maana hata nisipokiri wenzangu wa darasa walishaeneza habari Kisangani nzima, kutoka Mangobo mpaka Lubunga ng'ambo ya mto: ndiyo, yule mwanamke aliyemmwagia maji directeur wa shule mbele ya ukumbi mzima ni mimi, Béatrice, mama wa watoto watatu, mwenye akili timamu, sikuwa nimekunywa kitu, na kama mnataka kucheka chekeni sasa mumalize, kwa sababu mimi mwenyewe bado sijamaliza, juzi nilishikwa na kicheko kanisani katikati ya mahubiri mpaka padri akanyamaza kidogo akidhani ninalia.

Bon. Mambo yalianza hivi. Maître Anselme, aliyetufundisha darasa la sita la primaire, alikuwa anastaafu, na sisi wanafunzi wake wa zamani tukaamua kumfanyia karamu palepale kwenye shule yetu, mchana wa Jumamosi. Maître ni mtu wa Opala, mrefu, mwembamba, suruali yake ina mkunjo unaoweza kukata mkate, na maishani mwake alipenda vitu viwili tu, ukimya na subjonctif ya Kifaransa, ule mnyambuliko wa vitenzi unaomtoa mtoto jasho. Kila asubuhi alikuwa anaita majina, na ukiitwa ulitakiwa kusimama, kunyoosha mkono juu kabisa kama unataka kugusa mabati, na kupiga kelele: «Présente, Maître!», yaani nipo, mwalimu. Mkono ukiwa chini kidogo, aliandika absente, hayupo, hata kama pua yako na pua yake zinakaribiana. Mwaka mzima hivyo, kila siku. Kumbukeni hilo, ndilo lililoniua.

Kamati ilinichagua mimi kuwa orateur, msomaji wa discours, ile hotuba ya kwa niaba ya wote, kwa sababu nilikuwa wa kwanza darasani. (Nilikuwa wa pili. Wa kwanza alihamia Kinshasa, na mtu akihamia Kinshasa nafasi yake inakuwa wazi, hiyo ni sheria.) Sababu nyingine ni kazi yangu. Mimi ninafanya kazi Bangboka, kwenye uwanja wa ndege, ndiye ninayesimama kwenye mizani ya mizigo, na ukishinda siku nzima unawaambia watu «hapana, kilo zimezidi, rudi nyuma», pole pole unaanza kujiona serikali. Donc nilikubali kuchaguliwa kama mtu anayepokea haki yake.

Shida ilikuja kwenye nguo. Fifi, rafiki yangu tangu darasa la kwanza na mkuu wa kamati, alikuwa amechagua kikwembe kimoja cha wote kushona sare, na rangi yake, Mungu anisamehe, ilikuwa kijani ya pondu, majani ya mihogo, iliyolala siku mbili.

«Béa, vaa kama batu bote,» Fifi aliniambia.

«Fifi, mimi njo orateur. Orateur lazima aonekane.»

«Utaonekana, usiogope,» akasema, na siku ile sikujua kama ni unabii.

Nikaenda peke yangu kwenye duka la Papa Kambale, mzee mmoja wa Butembo anayeuza vikwembe kwa jumla na kwa rejareja, rozari yake imening'inia kwenye rafu ya juu kabisa, na huko nikakiona: bluu ya kung'aa, imejaa kasuku wa kijivu wenye mikia myekundu, kasuku wanaotazamana kama wanasengenyana. Nikakishika, nikakipenda palepale.

«Maman, una bahati,» Papa Kambale akasema. «Hii mali mutu moja alibeba ballot nzima wiki ilipita. Ilibakia tu hii pièce moja.»

Mtu mwenye akili angeuliza, nani huyo anayebeba robota zima la kitambaa kimoja, na kwa kazi gani? Mimi nilijiambia bila shaka ni mke wa mkubwa fulani, kumbe nina macho ya wakubwa, nikafunga mali yangu nikaenda kwa mshonaji, nikamwomba mikono mikubwa, akanishonea mikono kama masikio ya tembo, na kilemba cha kitambaa hichohicho juu. Nilipojitazama kwenye kioo nilijipigia makofi.

Jumamosi ikafika. Usiku mvua ilikuwa imepiga Kisangani kama ina hasira na mtu, na mbele ya shule barabara ilikuwa bwawa. Mwenye moto, ile pikipiki ya kukodi, aliyenibeba akasimama mbali.

«Maman, kwa mulango ya mbele kuko maji. Nikuingizie kwa nyuma?»

Nikaangalia viatu vyangu vyeupe. Nikasema ndiyo. Ndugu zangu, hiyo ndiyo moja, neno fupi namna ile, ilinigharimu heshima ya miaka yote, kwa sababu mlango wa nyuma unaingilia jikoni.

Nikaingia kwenye moshi. Masufuria makubwa, maboke ya samaki waliofungwa majanini yamepangwa juu ya makaa, wanawake wanapiga lituma ya ndizi kwa michi, harufu inakufanya usahau jina lako, na katikati yao mama mmoja mnene, taulo begani, filimbi shingoni (nasema filimbi, kama ya mwamuzi wa mpira). Huyo alikuwa Maman Astrid, mwenye kazi ya chakula, mkuu wa protocole, yaani wale wanawake wanaogawa sahani na vinywaji kwenye karamu. Akaniona. Akapiga filimbi.

«Weye! Sasa njo unafika? Benzako bako hapa tangu saa mbili ya asubui! Kamata!»

Na sinia la sahani likawa mikononi mwangu.

Nilifungua mdomo. Naapa, nilifungua. Lakini hapo hapo nikageuza macho, nikawaona wanawake kumi na wawili wamejipanga ukutani, na wote kumi na wawili wamevaa bluu ya kung'aa yenye kasuku wa kijivu wenye mikia myekundu. Robota zima. Lilikuwa pale, limesimama kwa miguu ishirini na minne, linaniangalia.

Nilikuwa na sekunde mbili za kusema «pardon maman, mimi ni mgeni wa heshima», na ningesema, lakini niliwaza kicheko kitakachotoka kwa wale kumi na wawili, mgeni wa heshima gani kavaa kama sisi, nikaona haya, na akili yangu (ile ya nafasi ya pili) ikanipa mpango: beba sinia hili, ingia ukumbini, liweke kwenye meza ya kwanza, mtafute Fifi, jifunike mtandio wake, kaa kwenye kiti chako, dakika tatu yameisha.

«Na hii sac ni ya nini?» Maman Astrid akanivua mkoba begani. «Kwangu protocole habebi sac!» Akautupa ndani ya depo, chumba cha kuwekea vitu, akafunga kwa ufunguo, ufunguo akaurudisha shingoni penye filimbi. Ndani ya mkoba ule mlikuwa na simu yangu, rangi ya midomo, na discours, kurasa tatu, Kifaransa cha juu, nilikiandika wiki mbili. «Na nani alikuruhusu kushona mikono ya namna hii? Utaingiza mu supu! Twende!»

Filimbi. Tukaenda.

Ukumbini watu wa sare ya pondu walikuwa wamejaa, na mimi nimeinamisha kichwa nikiogopa kutambuliwa, na baada ya meza tatu nikaanza kuogopa kinyume chake, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyenitambua. Hakuna! Dieudonné, tuliyekaa banc moja, dawati moja, miaka miwili, aliyenakili hesabu zangu zote pamoja na makosa, akanipigia mdomo bila kuniangalia usoni: «Psst! Maman! Sucré, ya baridi!» Nikamletea soda. Akaikagua chupa kwa makini kama mchumba, mimi hakuniona. Nikamtafuta Fifi kila kona, kumbe Fifi alikuwa nje barabarani kwenye mlango wa mbele, ananingojea mimi, anapiga simu ambayo ilikuwa inalia ndani ya depo.

Nikafika na lituma na liboke kwenye meza ya Charlotte. Charlotte alikuwa mwenzetu wa darasa, mwembamba zamani, mcheshi, sasa anafanya biashara ya makayabu, samaki wa chumvi. Nikasimama nyuma yake na sinia, na hapo nikasikia jina langu.

«Orateur wetu iko wapi?» mtu mmoja akauliza.

«Béa wa Bangboka?» Charlotte akasema. «Ule atafika wa mwisho kusudi tumuangalie. Eh, mi alinifungulisha valise mbele ya batu bote, juu ya kilo moja! Makayabu yangu ikaanguka chini kwa ciment, naiokota moja moja, yeye ananiambia: madame, règlement ni règlement. Madame! Mimi! Kama vile hatukukulaka embe moja!»

Meza nzima ikacheka. Mimi sikucheka. Ningeweza kuwaambia hapa kwamba siku ile sikumtambua, mngeniamini, lakini ukweli ni kwamba nilimtambua. Nilimtambua tangu kwenye foleni, na nikajifanya sikumtambua, kwa sababu mkuu wangu alikuwa amesimama karibu na mimi nilitaka aone nilivyo mkali. Nilikumbuka mgongo wake alivyoinama kuokota. Masikio yangu yakapata moto. Nikamwekea liboke moja kwenye sahani yake, halafu nikamwekea la pili.

«Maman, umenipa mbili.»

«Ni nyongeza,» nikasema kwa sauti ya puani.

«Mungu akubariki, maman,» Charlotte akasema, na akanigusa mkono, bila kugeuka.

Laiti angenitukana. Nilikuwa nimeamua kumwendea MC nimwambie kila kitu, potelea mbali, na nikapiga hatua ya kwanza, filimbi ikalia.

«Weye wa mikono mikubwa! Meza ya mbele bamefika. Maji ya kunawa!»

Wakubwa walikuwa wamechelewa, kama wakubwa wote, na sasa walikuwa wanakaa: directeur wa shule katika suti mpya ya kijivu, wazee wawili wa kamati ya wazazi, na katikati yao Maître Anselme mwenyewe, nywele nyeupe kama pamba, mkunjo wa suruali uko palepale. Nikapewa jagi la plastiki limejaa mpaka shingoni, beseni, na taulo. Nikaanza na Maître. Nikainama chini kabisa ili kilemba kinifiche uso, nikammiminia maji, mikono ileile iliyokuwa na chaki kwenye kucha sikuzote.

MC, kijana wa koti jekundu aliyependa sauti yake mwenyewe, akaona asipoteze muda.

«Wakati bakubwa bananawa, tusikilize orateur wetu! Madame Béatrice!»

Makofi. Watu wakageuza vichwa kutafuta. Mimi nikaendelea kumimina.

«Madame Béatrice iko?»

«Niliwaambia!» nikasikia Charlotte anasema, na watu wakacheka. Mimi nikamimina tu, beseni limeanza kujaa, Maître alishanawa mara tatu na anajiuliza ana uchafu gani.

Basi MC akashika karatasi yake, akasema kwa sauti ya mwalimu, kwa kuchekesha tu:

«Béatrice! Présente ao absente?»

Ndugu zangu, siyo mimi niliyejibu. Ni mwili. Ni asubuhi zote za darasa la sita zilizoamka kwa pamoja kwenye mgongo wangu. Nikasimama wima kama mlingoti, nikarusha mkono juu nikitafuta mabati, nikapiga kelele kwa sauti nyembamba ya miaka kumi na moja:

«PRÉSENTE, MAÎTRE!»

Na mkono niliourusha ni ule wenye jagi.

Maji yaliondoka kwa furaha. Kidogo yaliingia kwenye mkono wangu wa tembo, mengi yakaenda kwa directeur, yakamwanzia kwenye sikio la kushoto, yakateremka shingoni, yakaingia ndani ya suti mpya yakatafuta njia yao, na yaliyobaki yakamfikia MC kwenye mikrofoni, ambayo ilitoa mlio kama mbuzi aliyekanyagwa, halafu ikafa.

Ukimya ule, hata Maître hakuwahi kuupata darasani.

Halafu filimbi. Maman Astrid akaja mbio, mnene vile lakini mbio, akanikamata mkono. «Pardon, monsieur le directeur, pardon, huyu ni mupya! Toka! Toka hapa!»

«Maman, mimi ni Béatrice!»

«Hata kama weye ni malaika Gabrieli, toka!»

Anavuta, navuta, beseni limeanguka, ukumbi umelipuka, watu wanalia kwa kicheko, directeur amesimama anachuruzika maji kama nguo kwenye kamba, na Fifi ndiyo anaingia kutoka nje, matope mpaka magotini, ananiona, anaona kasuku, anaona kasuku wengine kumi na wawili nyuma yangu, na anakaa chini sakafuni palepale.

«Mumuache,» sauti ikasema.

Maître Anselme alikuwa amesimama, mikono bado inadondosha maji.

«Mumuache. Ule ni mutoto wangu. Béatrice, banc ya kwanza, kwa dirisha. Ile kelele hakuna mwingine alikuwa nayo.» Akakaza macho nyuma ya miwani. «Alikuwa anakula chaki.»

Mbele ya watu wote! Siri niliyomficha hata mume wangu! Na kabla sijapata shimo la kujificha, akakaa, akajikausha mikono taratibu, akasema: «Alors, Béatrice. Discours.»

Discours lilikuwa ndani ya depo, na Maman Astrid kwa wasiwasi alikuwa anatafuta ufunguo kwenye mifuko yote na ndani ya taulo, wakati uko shingoni mwake mwenyewe unamgonga kifuani. Nikasema basi, nitakumbuka. Nikasimama mbele, nimelowa, kilemba kimeinama upande mmoja, nikaanza:

«Cher Maître… il faut que je… que je suis…»

Ukumbi mzima ukavuta pumzi. *Que je suis*, kosa la subjonctif, mbele ya Maître Anselme! Nilitamani ninyongwe. Akainua kidole kimoja, tu.

«Que je?»

Na kutoka nyuma, bila mtu kupanga, ikaanza sauti moja, mbili, kumi, mwishoni watu wote wa sare ya pondu wamesimama, Dieudonné na kitambi chake, Charlotte na samaki mdomoni, Fifi kutoka sakafuni, wanaimba kama watoto wanaongoja kengele: «Que je sois! Que tu sois! Qu'il soit! Que nous soyons!» Wanawake wa protocole nao wakaingia, maana kila mtu alikuwa na Maître wake mahali fulani, na hata directeur, na leso kwenye sikio, alisema «qu'ils soient» kwa heshima zote. Maître anaongoza kwa kidole. Miwani yake ilikuwa na maji, na siwezi kuwaambia kama ni yangu ya jagi au ni yake.

Baada ya hapo Kifaransa kilinitoka kichwani chote, nikasema kwa Kiswahili, bila mikrofoni. Nikasimulia kuhusu chaki. Kwamba siku aliponikamata ninatafuna, wengine walingoja fimbo, na yeye hakunipiga, ila tangu siku ile kila asubuhi nilikuta vipande viwili kwenye banc yangu, na alikuwa ananinong'oneza: «Hii ya kula, hii ya kuandika. Usichanganye.» Kwamba mimi nilikuwa na haya ya kwenda ubaoni, na kwa sababu ya kile cha pili nilikuwa naenda. Nikasema asante, Maître. Nilitaka kuishia hapo, lakini macho yangu yakakutana na ya Charlotte.

«Charlotte,» nikasema, «valise yako. Nilikujua siku ile. Nilikujua, na nilijifanya. Nisamehe.»

Akaniangalia. Akatazama sahani yake. Akaniangalia tena.

«Kumbe ile samaki mbili njo weye!»

Akaja akanikumbatia nilivyo, maji na yote, ukumbi ukapiga vigelegele, na nadhani hapo karamu ingeisha vizuri sana kama Maman Astrid, aliyekuwa sasa amepata ufunguo, hangenigonga begani.

«Discours imeisha?»

«Imeisha, maman.»

«Bon. Meza ya mbele bado hawajakula.»

Na nikaenda! Mnadhani ningefanya nini, mtu ana filimbi. Niligawa chakula mpaka mwisho, Charlotte akajifunga taulo akanisaidia, na wale wanawake kumi na wawili walinifundisha kubeba sahani nne kwa mkono mmoja. Dieudonné sasa aliinuka nusu kwenye kiti, akasema: «Madame Béatrice, s'il te plaît, sucré ya baridi.» Nikamletea ya moto.

Kwa hiyo nimeapa, na ninyi ni mashahidi: siku nyingine mtu akinidhania mimi ni mwingine, nitasema jina langu palepale, kabla sijashika chombo chochote chenye maji. Aibu ya mlangoni ingekuwa ya watu wa jikoni tu, wangecheka dakika moja wakarudi kwenye masufuria yao; mimi niliibeba kwa mikono yangu miwili mpaka ukumbini, na ukumbini kila mtu ana simu. (Ndiyo, video ipo. Msiniombe mimi. Mwombeni Dieudonné, na hata hamtahitaji kumwomba, anaisambaza mwenyewe.)